Kemia Isiyongoja Bureti

Kila mwaka, mtihani wa taifa wa kidato cha nne unapokaribia, shule nyingi za sekondari nchini Tanzania na Kenya huingia katika pilikapilika zilezile. Maelekezo ya maandalizi yanafika kutoka baraza la mitihani, yametaja kemikali na vyombo vitakavyotumika kwenye mtihani wa vitendo wa kemia. Mwalimu wa somo anaandika orodha, mkuu wa shule anakuna kichwa fedha itoke fungu gani, mtu anatumwa mjini kwenye duka la vifaa vya maabara, na bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, zikipungua zinaazimwa shule ya jirani. Mtihani wenyewe una uzito: Kenya, karatasi ya vitendo ina alama 40 kati ya 200 za karatasi zote tatu, na Tanzania ina alama 50. Hakuna mkuu wa shule atakayezichezea alama hizo. Lakini ukiangalia kinanunuliwa nini, lini, na kwa ajili ya nani, utaona kwamba mnunuzi halisi wa vifaa vya kemia katika shule zetu ni mtihani. Kinanunuliwa kinachotahiniwa, kwa hesabu ya watahiniwa, katika miezi ya mwisho ya miaka minne ya masomo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye ndiyo kwanza anasikia habari za atomi, anabaki na ubao na kitabu. Hoja yangu ni kwamba mpango huu umekaa miguu juu kichwa chini. Vifaa vya kwanza vya kemia vinapaswa kuwa vitu ambavyo mwanafunzi anavijua kutoka kwao, tena vianze kidato cha kwanza. Bureti ije baadaye, ikute tayari kuna jambo kichwani linalostahili kupimwa.

Kemia ni somo gumu kwa namna yake, na ugumu huo umeelezwa vizuri. Mwaka 1991 Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, aliuchora kama pembetatu. Pembe ya kwanza ni kile kinachoonekana na kushikika: rangi, harufu, mapovu, joto. Ya pili ni kile ambacho hata hadubini ya shule haikioni: atomi, ioni, molekuli zinazogongana na kuachana. Ya tatu ni alama tunazoandika, yaani fomula, milinganyo na hesabu za moli. Mkemia huruka kutoka pembe moja hadi nyingine bila kujitambua. Mwanafunzi hawezi, kwa sababu akili ina nafasi finyu ya kushika mambo mapya kwa mara moja, na akirundikiwa pembe zote tatu katika kipindi kimoja anaziangusha zote. Sasa fikiria darasa lisilo na kifaa chochote. Pale pembe ya kwanza haipo kabisa. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba kabonati ikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na mwanafunzi ananakili. Kwake kabonati si kitu, ni neno tu, tena mara nyingi analisikia kwa Kiingereza hali alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anakariri alama za kitu ambacho hajakiona, zinazoeleza chembe ambazo hawezi kuziona. Halafu akifeli tunasema watoto wa siku hizi hawapendi sayansi.

Jibu lililozoeleka ni kujenga. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi Tanzania baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004, uhaba wa maabara ukawa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Muda ulipokwisha, uliongezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichangishwa fedha, mchanga na mawe. Sibezi juhudi hiyo hata kidogo. Chumba chenye meza imara, sinki na madirisha mapana kinafaa sana. Lakini chumba hakifundishi. Maabara isiyo na maji, isiyo na gesi na yenye kabati tupu ni darasa lenye meza ndefu. Na hata pale kabati linapokuwa na vitu, mara nyingi huwa limefungwa kufuli, kwa sababu vilivyomo vinatunzwa visije vikavunjika kabla ya mtihani. Bureti ya kioo inayovunjwa na mtoto wa kidato cha pili mwezi wa tatu ni bureti moja pungufu mwezi wa kumi na moja, na mwalimu anayelijua hilo atafunga mlango.

Kuna njia nyingine, na si ya leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shule nyingi za Ulaya na Asia zilikuwa magofu na maabara zake vilevile. UNESCO ikatoa mwaka 1948 kijitabu kilichoandikwa na J. P. Stephenson, mwalimu wa City of London School, kikiwaelekeza walimu wa nchi zilizoharibiwa na vita namna ya kufundisha sayansi kwa vitu vilivyobaki: chupa, makopo, mishumaa, vipande vya waya. Kijitabu hicho kilizaa kitabu kikubwa zaidi mwaka 1956, kikaandikwa upya mwaka 1973, na kikatumika katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo anayesema kwamba kufundisha kemia kwa vitu vya sokoni ni mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya Waafrika hana habari. Ilibuniwa kwa ajili ya watu waliokuwa na maabara jana na leo hawana, na ambao hawakukubali kipindi cha kemia kiahirishwe hadi zijengwe upya.

Sisi tuna akiba nono kuliko hiyo ya makopo na mishumaa. Chukua magadi, yale mabonge ya rangi ya kijivu yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi. Kikemia ni trona: sodiamu kabonati na sodiamu haidrojenikabonati zimeshikamana pamoja na maji katika fuwele moja. Chimbuko lake ni maziwa ya Bonde la Ufa, Natron upande wa Tanzania na Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Mwanafunzi akikamulia ndimu juu ya kipande cha magadi anaona mapovu papo hapo. Akifanya hivyo ndani ya chupa yenye mrija, akauingiza mrija kwenye maji ya chokaa, maji yaliyokuwa meupe angavu yanatibuka na kuwa na weupe mzito. Maji hayo ya chokaa hayanunuliwi mjini. Ni chokaa ya kupaka nyumba, imekorogwa kwenye ndoo, ikaachwa ituame usiku kucha, na maji ya juu yakamiminwa polepole kwenye chupa safi yenye kifuniko. Mwanafunzi akipulizia pumzi yake kwa mrija ndani ya chupa ya pili, maji yanatibuka vilevile, na hapo anajua jambo kuhusu ndimu, magadi na mapafu yake kwa pamoja. Neno kabonati likija ubaoni kesho yake lina mahali pa kukaa.

Choya nayo, ile ya juisi nyekundu, ni kiashiria cha asidi na besi kilichokwisha kutengenezwa. Loweka maua yake kwenye maji ya moto, chovya vipande vya karatasi nyeupe, vianike kivulini. Kwenye ndimu au siki karatasi inabaki nyekundu. Kwenye maji ya magadi, majivu au sabuni ya mche inageuka kijani chenye usamawati. Manjano ya kupikia hufanya kazi upande wa pili: kwenye asidi yanabaki na umanjano wake, kwenye besi yanakuwa mekundu ya kahawia, jambo ambalo kila aliyewahi kufua kwa sabuni nguo iliyodondokewa mchuzi wa bizari amelishuhudia bila kuambiwa ni kemia. Mbolea ya SA ni amonia salfeti. Kijiko kimoja chake kikichanganywa na chokaa kwenye kizibo, na matone machache ya maji, hutoa harufu kali ya banda la kuku, na karatasi ya choya iliyoloweshwa ikishikwa juu yake inageuka rangi bila kuguswa. Hilo ni jaribio lilelile la kutambua chumvi za amonia ambalo mtahiniwa wa kidato cha nne atakutana nalo, isipokuwa hapa anajua chumvi hiyo inafanya nini shambani kwao.

Mrututu unastahili aya yake. Fuwele zake za buluu ni kopa salfeti, na wakulima wanaijua kama malighafi ya dawa ya ukungu inayochanganywa na chokaa. Ukipasha moto punje chache kwenye kifuniko cha bati, buluu inatoweka na unga unabaki mweupe, maana maji yaliyokuwa ndani ya fuwele yametoka. Dondoshea tone moja la maji na buluu inarudi, na ukigusa chini ya kifuniko kilichokuwa kimepoa utahisi joto. Mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma, ambao kitabu huueleza kwa mishale miwili inayotazamana, umetokea mbele ya macho. Tumbukiza msumari uliosuguliwa kwenye maji ya mrututu, na baada ya muda mfupi unavaa koti la shaba huku buluu ya maji ikififia. Mwalimu akiuliza shaba hiyo imetoka wapi na chuma kilichoondoka kimekwenda wapi, darasa litabishana, na ubishi huo ndio mlango wa kuingilia kwenye ioni. Watu wa pwani wana mfano mkubwa zaidi. Matumbawe yakichomwa kwenye tanuru hutoa kaboni dayoksaidi na kubakiza chokaa hai. Ikimwagiwa maji inachemka na kufura. Ikipakwa ukutani inanyonya polepole kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa mawe. Kuta za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimeshikamana kwa mzunguko huo.

Hata hivyo, si kila kitu cha dukani ndicho kinachodhaniwa, na hapa watetezi wa mbinu hii huwa wepesi mno wa kusifu. Mfano mzuri ni chaki. Mwalimu aliyesoma kwamba chaki ni kalsiamu kabonati anaweza kuvunja kipande cha chaki ya ubaoni, akakitia kwenye siki mbele ya darasa, na kisitokee chochote cha maana, kwa sababu chaki nyingi za shule siku hizi zimetengenezwa kwa jasi, yaani kalsiamu salfeti. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kitabu kinasema uongo, au kwamba sayansi haifanyi kazi kijijini. Ganda la yai au la chaza lingefanya kazi bila shida. Vivyo hivyo, betri za redio za kawaida zina unga mweusi wa manganizi dayoksaidi unaochochea haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa kutoa oksijeni, ila betri za alkali hazifai kupasuliwa na watoto. Vitu vya mtaani vinahitaji ujuzi zaidi, si pungufu. Chupa ya maabara ina lebo. Bonge la magadi halina. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani suala ni kumwambia mwalimu abuni tu. Kumwachia mwalimu mwenye vipindi lukuki na darasa la watoto 70 kazi ya kugundua peke yake kwamba chaki yake ni jasi ni kumtupia mzigo uliopaswa kubebwa na waandishi wa vitabu.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la usahihi. Inasemwa kwamba taitresheni, yaani kupima asidi kwa besi kidogo kidogo, ikifanywa kwa sirinji ya plastiki badala ya bureti si taitresheni. Tupige hesabu. Bureti ya kawaida husomwa kwa shaka ya takriban mililita 0.05 kila usomaji. Usomaji wa mwanzo na wa mwisho pamoja hufanya 0.1, na katika mililita 25 hiyo ni asilimia 0.4. Sirinji ya mililita 10, ukiisoma kwa shaka ya 0.1 kila mara, inafika 0.2 katika 10, yaani asilimia 2. Tofauti ni kubwa kwa mtu wa kiwanda cha dawa. Kwa mtoto anayejifunza kwamba ukiongeza asidi maradufu unahitaji besi maradufu, si kitu. Sitaficha udhaifu mwingine: rangi ya choya hubadilika polepole, haina ule mpaka mkali wa metili oranji au finofthalini, kwa hiyo taitresheni ya mwisho kabisa bado inahitaji kiashiria cha dukani. Lakini chupa ndogo ya kiashiria hukaa muda mrefu, maana ni matone tu yanayotumika. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya kazi hiyo kwa sirinji mara nyingi akipewa bureti kidato cha nne ana jambo moja tu la kujifunza, namna ya kushika koki, badala ya mambo yote kwa siku mbili.

Wapo wanaohofia usalama, na hofu yao ni ya haki. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki kali inayotoboa nguo na kuunguza ngozi; magadi ya kutengenezea sabuni, yale ya kostiki, yanapofusha jicho. Jik, dawa ya kung’arishia nguo, ikichanganywa na asidi yoyote hutoa klorini, gesi ya sumu, na jambo hilo lisijaribiwe darasani. Lakini tulinganishe na kilichomo kwenye kabati la kawaida la maabara: lead naitreti, bariamu kloridi, wakati mwingine chupa kuukuu zisizo na lebo zilizoachwa na walimu waliohama. Hizo ni sumu hasa, na zikishatumika humwagwa nyuma ya maabara. Hatari hailetwi na mahali kitu kiliponunuliwa. Inaletwa na wingi wake, ukali wake na ukosefu wa utaratibu. Kazi ya kuzimua maji ya betri ni ya mwalimu, akiwa amevaa miwani na glavu, akimimina asidi kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi. Mwanafunzi apewe kilichokwisha kuzimuliwa, tena kwa mililita chache.

Udogo huo wa kipimo una historia yake ya heshima, na unajibu pia lawama kwamba hii ni kemia ya kimaskini. Stephen Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, aliwafundisha wanafunzi wake wa chuo kwa matone badala ya vikombe, akachapisha kitabu cha majaribio hayo mwaka 1990. Alitaka kupunguza taka, gharama na hatari, si kwamba chuo chake kilikosa bika. Afrika Kusini, kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kikiongozwa na John Bradley kilitengeneza kisanduku cha plastiki kinachoenea mkononi, chenye vishimo, mirija na sirinji, ambacho UNESCO ilikipeleka nchi nyingi. Ukosefu wa usawa kati ya shule ya kata na shule ya binafsi yenye maabara inayong’aa upo, na ni lazima usemwe. Ila hauzibwi kwa kuwaacha watoto wa shule ya kata miaka mitatu bila kushika chochote wakisubiri kufanana na wenzao.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu linatoka kwa watafiti wenyewe. Ian Abrahams na Robin Millar walichunguza vipindi 25 vya sayansi ya vitendo katika shule za England, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walikuta kwamba wanafunzi kwa kawaida walifaulu kufanya walichoagizwa kwa mikono yao, lakini ni mara chache waliyahusisha waliyoyaona na dhana zilizokusudiwa. Shule zile zilikuwa na vifaa. Kwa nini basi tuhangaike na choya? Nadhani utafiti huo unaunga mkono hoja yangu kuliko unavyoipinga. Unaonyesha kwamba kifaa hakifundishi kwa kuwepo kwake, na kwamba jaribio linalofuatwa kama mapishi, hatua kwa hatua hadi jibu linalojulikana, halimlazimishi mtu kufikiri. Maandalizi yetu ya dakika za mwisho ni mapishi ya aina hiyo hasa. Magadi ya sokoni yana swali lisilo na jibu kitabuni: ya muuzaji yupi ni safi zaidi? Hakuna anayejua, hata mwalimu, mpaka yapimwe kwa asidi. Pembe ya pili ya Johnstone, ile ya chembe, ndiyo inayohitaji msaada wa picha, na hapo programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambazo baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, zinafaa kuliko chupa yoyote. Vizibo vya soda vya rangi mbili tatu navyo vinatosha kusawazisha milinganyo. Kompyuta ikipatikana, itumike kwa yale yasiyoonekana, si kuonyesha filamu ya ndimu ikitoa mapovu.

Kenya ilijaribu kulibeba jambo hili kitaifa. Mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani na baadaye kuendelezwa na kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi, uliwafundisha walimu kupanga somo kwa shughuli na majaribio, na kubuni vifaa pale vya kawaida vinapokosekana. Mwelekeo ulikuwa sahihi. Ila mwalimu anayetoka semina na kurudi kwenye shule inayohesabiwa kwa alama za mtihani atafundisha kinachopimwa, na hakuna semina itakayoshindana na hilo. Kwa hiyo mabaraza ya mitihani ndiyo yenye ufunguo. Swali moja tu la vitendo kila mwaka likitaka mtahiniwa apime usafi wa sampuli ya magadi, au atambue mbolea mbili kwa chokaa na karatasi aliyoitengeneza mwenyewe, lingebadilisha ununuzi wa shule nzima kuanzia kidato cha kwanza.

Taasisi ya Elimu Tanzania, inayoandika vitabu vya kiada kwa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ina nafasi ya kufanya upande wake bila kungoja baraza. Kinachohitajika ni kurasa chache nyuma ya kiongozi cha mwalimu, zenye jina la kitu kama kinavyoitwa dukani, jina lake la kikemia, ukali wake, na namna ya kukitumia bila kuumia. Chaki: jasi, usitumie kwa kabonati. Mrututu: kopa salfeti, ni sumu, nawa mikono. Maji mapya ya betri: asidi ya salfuriki ya takriban molari 4.5, mililita 22 zikimiminwa taratibu kwenye maji na kuongezwa maji mpaka lita moja, hutoa asidi ya molari 0.1, inayotosha wanafunzi 40 kupima magadi yao kwa sirinji mara mbili kila mmoja.